Murabba: Tunda Lililolelewa



Katika miezi ya walima, swali moja limekuwa likirudi kwa akina mama wanaoandaa juisi, kastadi na keki za harusi: yale matunda mekundu yanayong'aa, yanayouzwa kwenye chupa na kuwekwa juu ya glasi za wageni, je, yana ulevi ndani yake? Na anayetaka kujiepusha nayo aweke nini badala yake, ili meza ya wageni isionekane imepungukiwa?

Ni swali la mtu anayejali kinachoingia tumboni mwa wageni wake, nalo linastahiki jibu lenye ujuzi. Tutaanza kwa kukifahamu kilichomo ndani ya ile chupa, kisha tutaingia jikoni.

Kilichomo ndani ya chupa

Tunda lile ni cheri. Jina la maraschino, linaloandikwa kwenye chupa nyingi, limetokana na marasca, aina ya cheri chachu inayoota katika pwani ya Dalmatia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Croatia. Watu wa huko, hasa wa mji wa Zadar, walitengeneza kileo kutokana na cheri hiyo, na kileo hicho ndicho kilichoitwa maraschino. Cheri zilizohifadhiwa ndani yake zikasafirishwa hadi nchi za mbali kwa jina hilohilo. Kwa hiyo wasiwasi wa akina mama hawa una asili yake.

Lakini uadilifu unatutaka tuyaeleze na yaliyofuata. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa vyakula Ernest Wiegand, wa chuo ambacho leo huitwa Oregon State University nchini Marekani, aliiendeleza njia ya kuhifadhi cheri kwa maji yenye chumvi za kalsiamu badala ya kileo. Nyingi ya cheri zinazouzwa leo kwa jina la maraschino hupita katika njia ya namna hiyo: hulowekwa katika maji ya dawa yanayoondoa rangi na ladha yake ya asili, kisha hutiwa sukari, rangi na harufu. Jina la kileo limebaki, ilhali kileo chenyewe mara nyingi hakimo. Hata hivyo, zipo pia chupa ambazo cheri zake zimelowekwa katika kileo hasa. Anayenunua hana budi kuisoma karatasi ya chupa mstari kwa mstari, na asitosheke na jina wala picha.

Asome pia aina ya rangi. Ikiwa imeandikwa E120, hiyo ni rangi inayotokana na wadudu wadogo waitwao kochinili. Wanazuoni wamekhitalifiana juu yake. Wako wanaoikataza kwa kuwa asili yake ni mdudu, na wako wanaoiruhusu. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa ya kuiruhusu mwaka 2011. E127 na E129 ni rangi za viwandani zisizotokana na mdudu. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Tunakumbushwa katika hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir (r.a.) kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake kuna mambo yenye utata ambayo watu wengi hawayajui, na kwamba mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Hadithi hii ni hoja ya mtu kujichunga mwenyewe. Haimpi ruhusa mgeni kusimama ukumbini na kutangaza kuwa juisi ya mwenyeji ni haramu, wakati hajaiona chupa wala hajasoma kilichoandikwa. Heshima ya mwenye walima nayo ni amana.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni kuyatengeneza mapambo hayo wenyewe, kwa matunda tunayoyajua mti wake na soko lake.

Kulea tunda

Watu wa pwani huyaita matunda yaliyopikwa na kuhifadhiwa kwa sukari mraba, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, murabba. Aliyesoma sarufi ya lugha hiyo hatakosa kuona kwamba murabba na tarbiya ni ndugu wa kitenzi kimoja, chenye maana ya kukuza na kulea. Murabba, kwa tafsiri ya neno, ni kitu kilicholelewa. Matabibu wa Kiislamu wa zama zilizopita waliyahesabu matunda na tangawizi zilizohifadhiwa kwa asali au sukari kuwa miongoni mwa tiba za tumbo, nao walijua kuwa kazi hiyo haitaki pupa.

Sababu yake ni hii. Tunda huharibika kwa kuwa lina maji ambamo ukungu na bakteria huishi. Linapowekwa ndani ya shira, sukari huyavuta maji yatoke, na yenyewe huingia taratibu mahali pake. Sukari ikishakuwa nyingi ndani ya tunda, vijidudu vingi havipati tena maji ya kuishi. Lakini ukilitumbukiza tunda bichi katika shira nzito tangu mwanzo, maji hutoka mbio kuliko sukari inavyoingia: tunda hunyauka, hujikunja na kuwa gumu kama ngozi. Ukianza na shira nyepesi na kuiongeza siku baada ya siku, tunda hubaki na umbo lake, hung'aa, na hulainika hadi ndani. Kila mzazi anayajua haya katika malezi ya mtoto. Jikoni tunayaona kwa macho.

Maganda ya machungwa

Tuanze na kile tunachokitupa. Katika mwezi wa Ramadhani, na hasa msimu wa machungwa ya Muheza unapofika sokoni, maganda hujaa ndoo nzima baada ya kukamua juisi ya futari, na yote huishia jalalani. Qur'an Tukufu katika Suratul A'raf, aya ya 31, imetuamrisha kula na kunywa bila kufanya israfu. Na katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu kusafisha sahani tumeambiwa kwamba mtu hajui ni katika sehemu gani ya chakula chake iliyomo baraka. Haimaanishi kwamba kutupa ganda ni dhambi. Ni adabu ya kukitazama kitu mara ya pili kabla ya kukitupa.

Chukua machungwa makubwa matano yasiyo na madoa. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu huku ukiyasugua, kwa kuwa machungwa mengine, hasa yatokayo nje ya nchi, hupakwa nta. Yamenye kwa vipande vinene, pamoja na sehemu nyeupe ya ndani, kisha ukate vijiti vyembamba vya upana wa nusu sentimita. Danzi, balungi na furungu hufaa zaidi kuliko chungwa, kwani maganda yake ni manene.

Hatua ya kwanza ni kuondoa uchungu. Weka maganda katika maji baridi, yachemshe dakika 10, mwaga maji. Rudia hivyo mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Kwa danzi rudia mara nne. Mara ya mwisho yaache jikoni hadi kijiti kikatike kwa kubonyezwa na vidole. Usiihimize hatua hii, kwa sababu ganda lililoingia katika shira likiwa gumu halilainiki tena.

Siku ya kwanza, yeyusha gramu 200 za sukari katika mililita 400 za maji, tia maganda, yachemke polepole dakika 10, epua, funika, uache hadi kesho. Siku ya pili, ya tatu na ya nne, toa maganda, ongeza gramu 150 za sukari katika shira, ichemshe hadi iyeyuke, rudisha maganda, yachemke dakika 10 na uyaache tena. Siku ya pili kamulia nusu ya ndimu. Uchachu wake huizuia shira isigande chembechembe. Ukipenda, tia iliki mbili zilizopondwa au kijiti cha mdalasini. Siku ya tano pika kwa moto mdogo hadi shira iwe nzito. Dondosha tone katika sahani baridi, liguse kwa vidole viwili. Ukivitenganisha na ukaona uzi mwembamba unavutika, imekwisha kuiva.

Yatoe maganda, yapange kwenye ungo au chekecheke, uyafunike kwa kitambaa chepesi, uyaache yakauke siku moja au mbili. Yakibaki na unato kidogo, yagaragaze katika sukari. Asiye na siku tano aweza kupika kwa mara moja: sukari gramu 400 kwa maji mililita 400, moto mdogo kabisa, dakika 45 hadi saa nzima, bila kukoroga sana. Yatafaa, ingawa hayatakuwa laini kama yale ya siku tano.

Usishangae yakitoka na rangi ya asali au ya kijani iliyofifia. Machungwa yetu huiva yakiwa na ganda la kijani kwa kuwa usiku wa pwani hauna baridi ya kuyageuza. Rangi hiyo ni ya kweli, na haina namba ya kusomwa kwenye karatasi.

Pambo jekundu la glasi

Sasa tuje kwa anayetaka wekundu ule wa cheri. Vile vipande vidogo vya rangi vinavyowekwa ndani ya keki na juu ya aiskrimu, ambavyo wengi hudhani ni matunda ya kigeni, aghalabu ni papai bichi lililopikwa katika sukari na kutiwa rangi. Hata sisi twaweza.

Menya papai bichi, kijani kabisa, la ukubwa wa kati. Osha utomvu, toa mbegu, ukate kete za sentimita moja. Pima gramu 500. Zichemshe dakika 8 hadi 10 mpaka zianze kupitisha mwanga, kisha zichuje. Chemsha gramu 20 za rosela kavu, ambayo wengine huiita choya, katika mililita 400 za maji kwa dakika 10, uchuje. Maji hayo mekundu ndiyo maji ya shira yako. Fuata mpango uleule wa siku tano: anza na gramu 200 za sukari, na uongeze gramu 150 kwa siku tatu. Ndimu haihitajiki, kwa kuwa rosela ina uchachu wa kutosha. Kete zitatoka na rangi ya komamanga na ladha yenye ukali kidogo, zinazofaa kuwekwa juu ya kastadi, ndani ya faluda, au kuchomekwa tatu tatu kwenye kijiti juu ya glasi.

Ndimu na tangawizi

Kwa glasi za juisi ya ukwaju, ya tango au ya nanasi, hakuna pambo linalopendeza kama kipande cha ndimu kinachopitisha mwanga. Kata ndimu nne au limau mbili kwa vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita tatu hadi nne, toa mbegu zote. Vichemshe dakika mbili, uvitie katika maji baridi. Yeyusha gramu 250 za sukari katika mililita 250 za maji kwenye sufuria pana, panga vipande visipandane, uviache katika moto mdogo sana dakika 40 hadi saa moja, mpaka ganda lake lionekane kama kioo. Visigeuzwe kwa mwiko, bali kwa uma, kimoja kimoja. Kausha usiku kucha.

Tangawizi haitaki siku tano. Chagua changa, isiyo na nyuzi nyingi, gramu 500. Menya, kata vipande vyembamba, uichemshe dakika 40 au zaidi hadi ilainike. Ichuje, na maji yake yahifadhi kwa chai. Rudisha tangawizi sufuriani kwa sukari ya uzito uleule na kikombe kimoja cha yale maji. Pika kwa moto wa wastani huku ukikoroga. Shira itakuwa nzito, kisha itaanza kukauka na kugeuka sukari nyeupe inayoshika kila kipande. Hapo epua mara moja, ukiendelea kukoroga mpaka vipande vitengane. Vitafaa juu ya keki, ndani ya maandazi, na kwa mgeni aliyefika na koo la safari.

Shira inayobaki katika mapishi haya yote isimwagwe. Ina harufu ya tunda lake, na kijiko kimoja katika glasi ya maji baridi ni sharubati tosha. Itunze katika jokofu na uitumie ndani ya mwezi mmoja.

Usalama wa jikoni na wa chupa

Shira inayochemka ina joto kupita maji yanayochemka, nayo hunata ngozini. Watoto wakae mbali nayo, na mkono wa sufuria uelekezwe ukutani. Aliyeungua awekwe chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na mafuta visipakwe.

Chupa za kuhifadhia zioshwe, zichemshwe dakika 10 na zikaushwe kabisa kabla ya kutiwa kitu. Maganda na tangawizi zilizokauka vizuri hukaa wiki tatu hadi nne katika chupa iliyofungwa barabara, na miezi kadhaa katika jokofu. Kete za papai na vipande vya ndimu vina unyevu zaidi, hivyo vikae katika jokofu, na ndimu ziliwe ndani ya wiki tatu. Pwani hewa ni ya unyevunyevu. Ukiona sukari imeanza kutoa maji, vikaushe upya. Lakini ukiona ukungu, hata doa moja, au ukanusa harufu ya kuchacha, tupa chupa nzima. Usiondoe doa na kuendelea kula. Na anayechunga asipewe wageni wake ulevi akumbuke kuwa shira nyepesi iliyoachwa nje na kuchacha nayo huzalisha kileo.

Kwa anayekusudia kuuza

Dada aliyezoea kazi hii aweza kuifanya riziki, kwani malighafi yake ya kwanza ni ganda lililokuwa likitupwa. Hapa Tanzania, SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula, na kwa upande wa Bara usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS. Aende huko kabla ya kupeleka bidhaa dukani. Na juu ya chupa yake aandike kila kilichomo na tarehe ya kutengenezwa. Tumelalamikia chupa za wengine ambazo hazieleweki. Zetu zisiwe kama hizo.

Kiasi chake

Limebaki jambo ambalo lisiposemwa makala hii itakuwa na upungufu. Hivi ni vitu vya sukari tupu, na nyumba nyingi zetu zina mgonjwa wa kisukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu huipata kwa siku, jambo ambalo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na kwamba kupungua hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Glasi moja ya juisi iliyotiwa sukari kwa mkono mpana yaweza kuimaliza nusu hiyo peke yake.

Kwa hiyo, ukiweka pambo tamu, punguza sukari ya kinywaji chenyewe. Kipande kimoja cha ndimu au vijiti viwili vya ganda vyatosha glasi. Mgonjwa wa kisukari mpe glasi yenye jani la mnanaa na kipande cha ndimu mbichi, nayo ipambwe vizuri kama za wenzake, asijione ametengwa katika karamu ya nduguze. Watoto nao wazoee kwamba pambo ni kidogo. Mtoto aliyelelewa kupenda kidogo hatasumbuka ukubwani kukiacha kingi.

Machungwa yakiwa mengi sokoni, jaribuni kwa maganda ya machungwa matano tu. Mpeni kila mtoto kazi yake: mmoja kuosha, mmoja kupima sukari, mmoja kuhesabu siku. Kufikia siku ya tano watakuwa wamejifunza subira kwa kuionja.

Tunamuomba Allah (s.w.) atubarikie katika riziki Zake, aturuzuku iliyo halali na iliyo nzuri, na atujaalie kuwa wenye kushukuru.

Wabillahi tawfiq.